Bendera ya jimbo la Paraíba (Brazil) imeandikwa NEGO kwa herufi kubwa. Wanaojua historia njooni

Kaskazi_1
Wakuu salama. Nilikuwa napitia bendera za majimbo ya Brazil, yapo 26 ukiongeza na wilaya ya mji mkuu Brasília zinakuwa bendera 27, nyingi ni nyota, misalaba na mistari. Nikafika Paraíba, lile jimbo dogo la kaskazini mashariki, nikasimama hapo hapo. Theluthi ya upande wa mlingoti nyeusi tupu, zilizobaki nyekundu, halafu juu ya nyekundu neno moja jeupe: NEGO. Basi. Hakuna ngao hakuna nyota.

Mimi nasema hiyo ni bendera ya watu weusi. Nyeusi ni wananchi kama ilivyo kwa Kenya, nyekundu ni damu, na neno lenyewe linajieleza. Brazil ilipokea watumwa kutoka Afrika wengi kuliko nchi yoyote ya Amerika na ilikuwa ya mwisho kule kufuta utumwa, 1888. Naona kuna jimbo liliamua kuandika ukweli wake hadharani. Anayepinga aje na hoja.

Mtemi wa Ramani
Napinga. Hilo neno ni kitenzi, maana yake "nakataa". Linahusu siasa za 1929 na kiongozi wa jimbo aliyeitwa João Pessoa. Utumwa haumo humo.

Binti Makorora
Jimbo zima limeandika NAKATAA kwenye bendera na watoto wanaipigia saluti? Nimewapenda bure hao watu. Ila Mtemi umetupa mfupa bila nyama, alikataa nini, alimkatalia nani?

Babu Nyaraka
Habari zenu vijana. Ngoja niwawekee kwa utaratibu.

Miaka ile ya mwanzo wa jamhuri urais wa Brazil ulikuwa unazunguka zaidi kati ya wakubwa wa São Paulo na wakubwa wa Minas Gerais. Washington Luís alikuwa rais, yeye ni wa upande wa São Paulo, watu wa Minas wakajua zamu inayofuata ni yao. Jamaa akamsimamisha Júlio Prestes, naye wa São Paulo. Minas wakachukia, wakaungana na Rio Grande do Sul, wakaunda Muungano wa Kiliberali, mgombea wao Getúlio Vargas. Majimbo yakaulizwa mnamuunga mkono Prestes au hapana, na tarehe 29 Julai 1929 João Pessoa, aliyekuwa rais wa jimbo la Paraíba (enzi hizo wakuu wa majimbo waliitwa marais), akajibu kwamba chama chake hakimuungi mkono. Jimbo dogo lisilo na fedha linamkatalia rais wa nchi! Huyo João Pessoa akawa mgombea mwenza wa Vargas.

Uchaguzi ukafanyika 1 Machi 1930, Prestes akatangazwa mshindi. Paraíba ikaadhibiwa, wabunge wa upande wa João Pessoa waliochaguliwa wakanyimwa viti. Tarehe 26 Julai 1930 João Pessoa akapigwa risasi akafa akiwa kwenye mgahawa wa vitafunwa unaoitwa Confeitaria Glória mjini Recife, jimbo la jirani la Pernambuco. Mwili ukapelekwa kwa meli mpaka Rio de Janeiro na kila bandari watu wanalia na kupiga kelele. Tarehe 4 Septemba mji mkuu wa jimbo ukapewa jina lake, 25 Septemba ikapitishwa sheria ya bendera hii, na 3 Oktoba mapinduzi yakaanza. Prestes hakuapishwa kamwe, Vargas akachukua nchi Novemba. Kwa hiyo nyeusi ni msiba wa João Pessoa, nyekundu ni rangi ya Muungano wa Kiliberali. Hiyo ndiyo tafsiri rasmi.

Kaskazi_1
Asante Babu. Lakini hujaniondoa kwenye hoja yangu bado, mtu mweusi wa Paraíba akiiangalia hiyo bendera anasoma nini? Sheria inasema moja, macho yanaona lingine.

Chipukizi_CG
Habari wote. Mimi nimesoma Campina Grande, mji wa pili wa Paraíba, nilienda kwa ule mpango wa serikali ya Brazil wa kuchukua wanafunzi wa nje, kwa hiyo hapa nina la kusema.

Kaskazi hajaongea upuuzi. Kule "nego" ni neno la mtaani la kumwita mtu, weusi na hata wasio weusi wanaitana hivyo, mama muuza matunda jirani na hosteli yetu alikuwa ananiita mimi "meu nego" kwa upendo kabisa kama huku mtu anavyokwambia mwanangu. Tofauti ipo kwenye matamshi, lile la mtaani e yake inafungwa, la bendera e inafunguliwa mdomo wazi. Na zamani bendera yenyewe ilikuwa na alama juu ya e, NÉGO, hata amri ya gavana ya 1965 iliyoirasimisha iliandika hivyo. Alama ikaja kuondoka na mabadiliko ya tahajia ya Kireno ya miaka ya 70. Sasa ukiondoa alama mgeni gani asichanganyikiwe? Wenzangu wa Angola na Guinea-Bissau ambao Kireno ni chao nao siku ya kwanza waliuliza swali hili hili la Kaskazi.

Ila hakuna mtu wa Paraíba niliyemuuliza akanipa jibu la watu weusi. Wote walinijibu "tulikataa". Wanasema TULIkataa, kana kwamba walikuwepo.

Kijana wa Ubungo
Mimi nilidhani ni bendera ya mashabiki wa Flamengo, nyekundu na nyeusi vile 😂 Chipukizi niambie ukweli kule wanashabikia nani

Chipukizi_CG
Kijana hujakosea mbali, mashabiki wa Flamengo wamejaa kaskazini mashariki yote japo timu ni ya Rio. Na Campina Grande kwenyewe kuna Campinense, nao rangi zao nyekundu na nyeusi. Siku ya mechi huwezi kujua nani kabeba bendera ya timu na nani ya jimbo mpaka upepo uifungue uone neno.

Mpwani_K
Salaam. Babu Nyaraka umeeleza vizuri ila kuna kitu umekiruka. Ile telegramu ya 29 Julai 1929 HAINA neno nego. João Pessoa alimwandikia mbunge Tavares Cavalcanti, kwa lugha ya heshima kabisa, kwamba uongozi wa chama umekaa chini yake na kuamua kwa kauli moja kutounga mkono ugombea wa mheshimiwa Júlio Prestes, tafadhali mfikishie kiongozi wa wengi bungeni. Adabu tupu. Prestes kaitwa mheshimiwa humo humo kwenye kumkataa! Kwa hiyo bendera inabeba neno ambalo kwenye barua yenyewe halipo. Mimi naamini baada ya kifo chake watu walihitaji kitu kifupi cha kupiga kelele, "uongozi wa chama umeamua kwa kauli moja" huwezi kuandika kwenye kitambaa.

Mtemi wa Ramani
Mpwani sikubaliani. Watu wa siasa wanaongea, telegramu ni karatasi tu. Kukataa kwake kulikuwa gumzo la nchi nzima mwaka mzima kabla hajafa, neno lilishakuwa midomoni mwa watu hata kama hakuliandika.

Mpwani_K
Midomoni mwa watu sawa, mdomoni mwake ndiyo nauliza. Bendera imeandikwa kwa nafsi ya kwanza, NAkataa. Nani anaongea hapo, João Pessoa au jimbo?

Binti Makorora
Hapo Mpwani umegusa. Mimi nasema ni jimbo linaongea, ndiyo maana rafiki zake Chipukizi wanajibu tulikataa.

Fundi Bendera
Mimi historia nawaachia wenyewe, mimi nashona, nimeshonea shule, vyama vya ushirika na vilabu vya mpira. Bendera yenye maandishi ni shughuli wakuu. Ukiweka herufi upande mmoja tu, nyuma zinasomeka OGEN. Lazima ukate vitambaa viwili vyekundu uviweke mgongo kwa mgongo, kila kimoja na herufi zake, na katikati upitishe kitambaa kizito maana jua likipiga herufi za nyuma zinatokeza mbele na hiyo N na kivuli chake unapata kitu hakisomeki. Sasa upande wa maandishi umekuwa mzito mara mbili ya ule mweusi, upepo mdogo haunyanyui, neno linaning'inia limejikunja na watu wanaona nyeusi tu. Anayeshona inabidi na upande mweusi auongezee uzito ulingane. Nyekundu nayo ndiyo rangi inayopauka haraka juani, na pwani ya Brazil najua jua lake ni kama letu, miezi michache tu unakuta nyekundu imekuwa pinki.

Aliyebuni hiyo bendera alikuwa na uchungu, hakuwa fundi.

Babu Nyaraka
Fundi hapo umenifundisha. Umri wote huu sijawahi kuwaza upande wa nyuma wa bendera.

Dada Rehema
Wakuu mnazungumzia kifo cha João Pessoa kama vile risasi ilitoka mbinguni. Nani alimpiga na kwa nini? Hapo ndipo bendera inaponiuma mimi.

Aliyempiga ni João Dantas, wakili, familia yake ya mji wa Teixeira huko bara walikuwa wapinzani wakubwa wa João Pessoa. Wiki mbili kabla, polisi wa jimbo walivunja kwa Dantas mjini wakachukua makaratasi yake. Humo mlikuwa na barua na maandishi ya mapenzi kati yake na Anayde Beiriz. Huyu alikuwa mwalimu na mshairi, kazaliwa 1905, alifundisha watoto wa wavuvi kule Cabedelo, alikata nywele fupi na kuandika anachotaka wakati ambapo binti mwenye heshima hakutakiwa hata kutembea peke yake. Gazeti la serikali ya jimbo, A União, likaanza kuchapa makaratasi ya Dantas, na habari za zile barua za mapenzi zikaenea mji mzima. Dantas akamfuata João Pessoa Recife akamuua.

Dantas alikutwa amekufa gerezani Recife Oktoba 1930, siku chache tu tangu mapinduzi yaanze, shingo imekatwa, yeye na shemeji yake. Wakaandika wamejiua. Anayde akafa kwa sumu tarehe 22 mwezi huo huo, ana miaka 25. Mwanamume ana mji, ana bendera, ana masanamu. Huyo binti ambaye maisha yake yalianikwa na serikali hana hata uzi mmoja kwenye hiyo nyeusi ya msiba.

Binti Makorora
Rehema umenitoa machozi. Nimeenda kutafuta picha yake, macho yale jamani.

Mtemi wa Ramani
Rehema nakubaliana na uchungu wako ila sawazisha kidogo. A União walichapa makaratasi ya siasa, mambo ya fedha na mipango ya familia ya Dantas, zile barua za mapenzi zenyewe hawakuzichapa. Zinasemwa kuwa ziliwekwa polisi mtu akitaka anakwenda kusoma, na gazeti likadokeza kwamba yapo mengine yasiyofaa kuchapwa. Kuna wanaosema zilichapwa zote, nimeiona hiyo mara nyingi, lakini ukifuatilia unakuta kila mtu kamsikia mwenzake.

Dada Rehema
Kudokeza ndiyo kubaya zaidi Mtemi. Ukichapa watu wanasoma yaliyoandikwa, ukidokeza kila mtu anajiandikia yake.

Mzee wa Forodha
Hodi humu. Mimi nilifanya kazi ya ushuru maisha yangu yote, nawaambia mmeacha sababu kubwa kuliko zote. KODI.

João Pessoa alipoingia 1928 alikuta wafanyabiashara wa bara la Paraíba wanachukua mizigo Recife moja kwa moja na pamba yao inatokea huko huko, jimbo halipati kitu. Akaweka ushuru mzito kwa mizigo inayoingia kwa njia ya bara na vituo vya ukaguzi mipakani, watu wakambatiza João Cancela, yaani João wa Kizuizi. Wakubwa wa ardhi, wale wanaoitwa makanali japo jeshini hawajawahi kukanyaga, wakakasirika, na wafanyabiashara wa Recife nao, ambao baadhi ni binamu zake mwenyewe. Mwisho wa Februari 1930 kanali mmoja wa mji wa Princesa, José Pereira, akaasi na watu wake wenye bunduki. Juni akatangaza kabisa kwamba Princesa ni eneo huru, lina bendera yake na wimbo wake. Polisi wa jimbo walipigana miezi na hawakuingia mjini, lilikuja kuingia jeshi la serikali kuu baada ya João Pessoa kuuawa.

Na kina Dantas walikuwa upande wa nani? Wa José Pereira. Kwa hiyo kwa hesabu yangu mapenzi yalikuwa kiberiti tu, mafuta yalishamwagwa na kodi.

Kijana wa Ubungo
Mzee wa Forodha kila uzi lazima ufike kwenye ushuru 😂 hata ule wa mapishi ya pilau ulitufikisha bandarini

Mzee wa Forodha
Iliki imepanda bei kwa sababu gani kijana, kwa sababu ya mvua? Endelea kucheka.

Chipukizi_CG
Mzee yuko sahihi na ndiyo maana bara na pwani hawaioni bendera kwa jicho moja. Mwenzangu wa chumbani alitokea upande wa Princesa Isabel, ndiyo jina la mji sasa, babu zake walikuwa na José Pereira. Yeye bendera ya jimbo hakuwahi kuivaa. Siku moja kwenye sherehe za Mtakatifu João mwezi wa sita, Campina Grande yote inawaka moto na mahindi, tukapewa fulana nyekundu na nyeusi zenye NEGO kifuani, akaigeuza akavaa ndani nje. Nikamuuliza, akasema hiyo ni bendera ya waliotushinda.

Mpwani_K
Sasa nyekundu. Babu ulisema ni ya Muungano wa Kiliberali. Mbona kuna sehemu nyingi inaelezwa ni damu ya João Pessoa?

Babu Nyaraka
Zote zipo. Shuleni watoto wengi wanafundishwa damu kwa sababu inaeleweka haraka. Sheria na muktadha wa wakati ule vinaelekea kwenye Muungano. Ukiuliza Muungano wenyewe nyekundu waliitoa wapi, wengine wanarudi kwenye vitambaa vyekundu vya shingoni vya wapiganaji wa Rio Grande do Sul, vilivyovaliwa sana na wanamapinduzi wa 1930. Mimi nadhani waliopitisha bendera ile Septemba walitaka yote mawili yasomeke, mtu wao amekufa na mapinduzi hayajaanza, ungewaambia wachague wasingechagua.

Na jambo lingine niliwaficha makusudi nione kama kuna atakayelitaja. Vargas, yule yule ambaye João Pessoa alikuwa mgombea mwenza wake, 1937 akajitangazia utawala wa mkono wa chuma na kufuta alama zote za majimbo. Tarehe 27 Novemba mwaka huo Rio de Janeiro bendera za majimbo zilichomwa moto hadharani, mtunzi wa muziki Villa-Lobos akiongoza kwaya ya watoto wa shule. Za majimbo yote. Zikaja kuruhusiwa tena na katiba ya 1946.

Binti Makorora
Subiri Babu. Yaani bendera ya msiba wa rafiki yake nayo aliichoma?

Babu Nyaraka
Ya Paraíba haikusamehewa.

Dada Rehema
Ndiyo niliyokuwa nasema, walikuwa wanamhitaji João Pessoa akiwa jeneza. Jeneza lilishafanya kazi yake 1930.

Mtemi wa Ramani
Rehema hapo unamhukumu Vargas kwa jambo la nchi nzima, hakuilenga Paraíba. Alitaka Brazil moja yenye bendera moja, Rio Grande do Sul kwao alikozaliwa nako waliunguziwa.

Kaskazi_1
Uzi wangu umekuwa chuo. Swali kwa Chipukizi: kuna watu wanataka ibadilishwe?

Chipukizi_CG
Wapo, na hoja hairudi kwenye bendera peke yake, inakwenda na jina la mji mkuu wa jimbo, João Pessoa. Mji huo ulianzishwa 5 Agosti 1585 kwa jina la Mama Yetu wa Theluji, ukaitwa Filipéia kwa heshima ya mfalme Filipo wa Hispania, Waholanzi walipouteka 1634 wakauita Frederica, baadaye ukawa Parahyba miaka na miaka mpaka 1930. Kuna kundi linataka Parahyba irudi, linasema wabunge wa 1930 waliamua kwa machozi na shinikizo la barabarani bila kumuuliza mwananchi. Upande wa pili unasema miaka tisini na zaidi sasa imeshakuwa yao, neno limetoka kwa João Pessoa likawa la kila mtu asiyependa kuonewa. Nimewahi kuona mgomo wa walimu wamebeba ile bendera, na waliyokuwa wanaikataa ni serikali ya jimbo hilo hilo.

Mzee wa Forodha
Wakitaka kupiga kura waanze kuhesabu Princesa.

Mpwani_K
Halafu bendera ndiyo pekee yenye 1930. Ngao ya jimbo ni ya 1907, ina mtu anachunga mifugo na jua linachomoza, pembeni muwa na pamba, chini ile tarehe ya 1585. Wimbo wa jimbo ni wa 1905, muziki wa Abdon Milanez na maneno ya Aurélio de Figueiredo, mchoraji, mdogo wake Pedro Américo aliyechora ile picha kubwa ya Dom Pedro juu ya farasi akitangaza uhuru. Vyote viwili João Pessoa hayumo. Kwa hiyo hata bendera ikiondoka jimbo halibaki uchi.

Fundi Bendera
Wakibadilisha wasiweke maandishi. Na pinki wasiweke.

Kijana wa Ubungo
Pinki kwenye bendera nani ataweka fundi

Mtemi wa Ramani
Espírito Santo, kusini zaidi ya hapo, karibu na Rio. Buluu, nyeupe na pinki, na katikati maandishi: Trabalha e Confia, yaani fanya kazi na uamini. Hiyo nayo ina hadithi yake na Wajesuiti, Kaskazi ifungulie uzi wake, huu tayari una makaburi manne.

Kaskazi_1
Naufungua kesho asubuhi. Fundi uwepo, nataka kujua maneno matatu yanashonwaje.